Taa ya mezani ya CRI 97 kwa mafundi cherehani: rangi inaonyesha kweli, ila jicho nalo lina mambo yake

Nianze na jibu kwanza maana najua wengi mtasoma mistari miwili mkimbie. Inunuliwe. Kama wewe ni fundi cherehani, au unauza uzi na bitana na zipu, au unapamba maharusi, hii taa ya mezani ya LED iliyoandikwa CRI 97 (CRI ni namba ya kupima taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani) ni hela iliyoenda mahali pake. Mi nimeinunua Kariakoo kwa 45,000 na saivi hakuna uzi unaoingia kwenye cherehani yangu bila kupita chini yake. Jina la kampuni silitaji, na si kwa ubaya, ni kwamba leo mzigo unaingia boksi lina jina hili, mwezi ujao lina jina lingine na taa ndani ni ile ile. Cha kufuata ni namba zilizoandikwa ubavuni mwa boksi, na hizo namba ndo ntazieleza hapa, maana wauzaji wengi wanauza kwa kusema "hii inawaka sana dada" na kuwaka sana sio hoja kabisa kwenye kazi yetu.

Taa yenyewe ina kibanio cha kubana ukingo wa meza, shingo inayopinda unavyotaka, wati 9, na kitufe cha kuchagua mwanga wa 4000K au 5000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga wenyewe, ikiwa ndogo mwanga ni wa njano, ikiwa kubwa unaelemea bluu). Haichemki, unaweza kuiinamisha karibu kabisa na kitambaa bila kuogopa kuunguza satini. Umbo lake la kawaida tu, plastiki nyeupe, shingo ukiivuta sana inalegea kidogo. Lakini hivyo vyote ni vidogo, tuje kwenye rangi.

Tatizo wote mnalijua. Unaenda kununua uzi wa kushonea sare ya send-off, kitambaa ni damu ya mzee, unatoa kipande chako kwenye pochi, muuzaji anaweka reli za uzi juu yake, unachagua moja inazama kabisa kwenye kitambaa, hauuoni uzi uko wapi. Unafika nyumbani, unaenda nao mlangoni kwenye mwanga wa jua, uzi umekuwa zambarau. Kuna duka moja (silitaji) nilirudisha uzi wa hivyo, reli dazeni nzima maana ilikuwa kazi ya ukoo mzima, kaka akaupokea akauweka pale pale juu ya kioo chini ya taa zake akaniambia, "Dada angu, hiyo si rangi moja hiyo? Angalia mwenyewe." Na kweli pale dukani ilikuwa rangi moja. Nikamwambia kaka tutoke nje mara moja tu, akasema hawezi kuacha duka, na mzigo ukishatoka haurudi. Iliniuma sana, kwa sababu yule kaka hakuwa anadanganya. Macho yake yalikuwa yanaona alichosema.

Sasa inakuaje vitu viwili viwe rangi moja ndani na rangi mbili nje? Hapa ndo mtu anatakiwa aelewe jicho linafanyaje kazi, na mi nimesoma mambo haya kwa hamu sana kwa sababu ndo kazi yangu inapolalia.

Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inaitwa retina, ndani yake kuna seli za kupokea mwanga. Zile za rangi zinaitwa koni, na ziko aina tatu tu. Moja inashtuka zaidi na mwanga wa bluu wenye mawimbi mafupi, nanomita 420 hivi (nanomita ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ya pili inashtuka zaidi na kijani nanomita 530 hivi, ya tatu nanomita 560 hivi, hii watu wanaiita koni ya nyekundu japokuwa kilele chake kiko kwenye njano iliyoelemea kijani, sema ndo inayofika mbali kuliko wenzake upande wa nyekundu. Basi. Rangi zote unazozijua wewe, pichi, ugoro, feruzi, damu ya mzee, urujuani, samawati, zote zinatokana na ubongo kulinganisha namba tatu tu kutoka kwa hizo koni tatu. Jicho halijui mwanga ulioingia umeundwa na nini, linajua koni ya kwanza imepiga kiasi gani, ya pili kiasi gani, ya tatu kiasi gani. Thomas Young, daktari Mwingereza, alishalisema wazo hili la vipokezi vitatu mwaka 1802 huko London wakati hakuna mtu aliyewahi kuiona koni hata moja ikifanya kazi, na baadae Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani, akaliendeleza.

Kwa hiyo vitambaa viwili vilivyotiwa dawa tofauti kabisa za rangi, mfano pamba na polyester, vinaweza kurudisha mwanga tofauti kabisa lakini vikatoa namba tatu zile zile. Jicho linasema ni rangi moja. Badilisha taa, mwanga unaogonga vitambaa umebadilika, kila kitambaa kinarudisha chake, namba haziwiani tena. Ndo uzi wangu ule. Ndo maana pia suruali nyeusi na koti jeusi vinapatana dukani halafu ukumbini chini ya balbu za njano koti linakuwa na wekundu fulani wa kahawia, bwana harusi picha zote anaonekana kavaa vipande vya suti mbili.

Na taa za maduka yetu mengi ni LED za bei rahisi. LED nyeupe ya kawaida sio nyeupe ndani, ni kijitaa cha bluu cha nanomita 450 hivi kilichopakwa dawa ya njano juu, bluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. (Hicho kijitaa cha bluu ndicho kilichowapa wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, Nobeli ya fizikia mwaka 2014, na walistahili, imetupunguzia bili ya umeme wote.) Ila huo mweupe una shimo. Bluu ipo nyingi, njano ipo nyingi, nyekundu iliyokolea ipo kidogo sana. Sasa kitambaa chekundu kazi yake ni kurudisha nyekundu, kama taa haina nyekundu ya kutosha kitarudisha nini? Kinakuwa cha udongo, kimepooza. Damu ya mzee inakuwa kahawia. Zambarau inaenda bluu. Na uzi wako wa zambarau unakutana na damu ya mzee katikati, vinafanana.

CRI ndo namba inayopima taa inaonyesha rangi kwa ukweli kiasi gani, mwisho ni 100. Kwenye boksi zingine wanaandika Ra, usihangaike, ni kitu kile kile. Balbu za kawaida zinazouzwa sana ni 80 na kuna zilizo chini ya hapo ambazo boksi haliandiki chochote. Lakini hapa sikilizeni vizuri jamani, hii namba inapigwa wastani wa rangi nane za majaribio na zote ni rangi zilizopoa, hazijakolea. Nyekundu iliyokolea haimo kwenye huo wastani, ina namba yake peke yake inaitwa R9. Taa inaweza kuwa na CRI 80 safi na R9 ikawa karibu na sifuri. Kwa hiyo boksi likiwa na CRI peke yake bado hujajua habari ya nyekundu, na sisi nchi hii nyekundu ndo maisha, kanga, vitenge, sare za harusi, lipsi, kila kitu. Hii taa yangu ubavuni imeandika R9 90 na naiamini kwa sababu nimeijaribu kwa vipande ninavyovijua.

Jaribio rahisi kuliko yote ni kiganja chako. Weka kiganja chini ya taa ya kawaida halafu kiweke chini ya hii. Ile ya kwanza kiganja kinakuwa na ukijivu, kama una rangi ya maji ya kunde utaona hadi ukijani kwenye mistari ya vidole. Chini ya hii taa damu inarudi, unaona wekundu mdogo mdogo kwenye ncha za vidole, na vifundo vya vidole vinaonekana vyeusi kwa uzuri wake. Dada wa mekapu niliyemuazima siku ya harusi hakutaka kuirudisha.

Mtu atauliza, mbona balbu za zamani za waya zilikuwa na CRI 100 karibu na zilikuwa bei ya soda? Kweli, nyekundu zilionyesha vizuri mno. Shida yake ni 2700K, njano sana, bluu ni kidogo. Nevi bluu na nyeusi chini ya balbu ile ni ndugu mapacha. Kwa hiyo unahitaji namba mbili pamoja, CRI iwe juu na K iwe kati ya 4000 na 5000. Zile za 6500K wanazoziita "dei laiti" mi zinanichosha, usiku zinafanya chumba kizima kuwa cha bluu, japo kama CRI yake iko juu haina shida ya rangi.

Haya, hiyo ni nusu ya kwanza na hapo taa nimeipa sifa zake zote. Nusu ya pili ndo watu hawaijui, na taa hata ikiwa ya milioni haikusaidii hapo. Jicho lenyewe linabadilika.

Jaribu hivi sasa hivi. Chukua kanga nyekundu au kipande chochote chekundu kilichokolea, ukubwa wa kitabu, weka juu ya shuka jeupe chini ya taa nzuri. Chagua nukta moja katikati, ikodolee bila kuhamisha macho kwa sekunde 30. Ukianza kuona kingo za kitambaa zinang'aa ng'aa vumilia. Sasa hamisha macho utazame shuka tupu. Utaona kipande kingine pale, umbo lile lile, ila rangi yake ni kijani cha bluu, feruzi laini. Mashabiki wa Simba wakikodolea jezi yao watapata kitu kinachokaribia Yanga, sema sio kijani cha Yanga kamili, kinaelemea bluu. Ukihamisha macho kile kipande kinahama na wewe. Ukitazama ukuta wa mbali kinakuwa kikubwa, ukitazama kiganja chako kinakuwa kidogo, hili Emil Emmert, daktari wa macho wa Uswisi, alilieleza mwaka 1881, maana kwenye retina ukubwa wake haubadiliki, ubongo ndo unaukadiria kufuatana na umbali wa unachotazama. Kikodolee cha njano utapata bluu, cha bluu utapata njano, cheusi utapata cheupe.

Sababu yake, ukikodolea nyekundu koni za nyekundu zinapiga sana mpaka uwezo wake unashuka, za kijani na bluu hazikuwa na kazi kubwa ziko fresh. Ukitazama nyeupe, nyeupe inaziita zote tatu kwa usawa, ila zile zilizochoka zinaitika kidogo, kwa hiyo hesabu inaelemea kwa kijani na bluu na ndo rangi unayoiona. Ni kama ulimi uliotoka kula embe bivu halafu unywe chai, utasema chai haina sukari na sukari ipo. Halafu juu ya koni kuna hatua nyingine, seli zinazopokea habari za koni na kuzipanga kwa ushindani, nyekundu dhidi ya kijani, njano dhidi ya bluu. Hili wazo la ushindani alilisimamia Ewald Hering, mwanasayansi Mjerumani, karne ya 19. Ndo maana unaweza kuona rangi ya njano yenye wekundu, hiyo ni chungwa, lakini hujawahi kuona nyekundu yenye ukijani ndani yake, hazikai pamoja. Upande mmoja ukisukumwa muda mrefu halafu ukaachiwa, unarudi kwa kupitiliza upande wa pili.

Sasa fundi anashona sare nyekundu siku nzima. Macho yake jioni sio macho ya asubuhi. Ukimletea kijivu atakiona kina ukijani, ukimletea nyekundu nyingine ataiona imefifia, na anaapa kwa dhati. Hili jambo limeshaandikwa kitambo na mtu ambaye kila muuza kitambaa angefaa amjue, Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa, aliyewekwa mwaka 1824 kuwa mkuu wa idara ya kutia rangi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya ukutani. Mwaka 1839 akachapisha kitabu chake kikubwa cha mambo ya rangi kukaribiana, na humo anasema ukimwonyesha mnunuzi vipande 14 vya kitambaa chekundu kimoja baada ya kingine, vile sita au saba vya mwisho ataviona vibaya kuliko vya mwanzo na vyote ni vile vile. Dawa yake? Mwonyeshe kijani katikati, macho yanarudi, pengine nyekundu itakayofuata ataiona nzuri kuliko ilivyo. Mi nilivyosoma hapo nikakumbuka akina mama wa Mtaa wa Uhuru pale wanavyofungua doti za kanga, nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka mteja anasema hizi za mwisho zimepauka, mama anaapa ni robota moja. Wote wawili wanasema kweli.

Na kisa kilichomfanya Chevreul aanze ni kizuri zaidi. Wafumaji walikuwa wanalalamika kwamba sufu nyeusi ya kiwandani ni mbovu, haikolei ikiwekwa kwenye vivuli vya nguo za bluu na zambarau. Akaichunguza akailinganisha na nyeusi za sehemu zingine, akakuta dawa haina kasoro. Kasoro ni jirani. Nyeusi ikikaa kando ya bluu iliyokolea jicho linaitia rangi ya kinyume, inapoteza weusi wake. Nenda kaangalie kanga yenye pindo jeusi na mji wa bluu halafu pindo jeusi lile lile na mji wa njano, weusi wa pili unapiga zaidi. Mteja akikwambia "fundi, huu weusi wa mkanda mbona umepauka" usikimbilie kubadili kitambaa, badili kinachokaa pembeni yake.

Kwa hiyo mi nimejitengenezea utaratibu unaoenda na taa. Chini ya taa nimetandika kipande cha kitambaa cha kijivu, kijivu cha wastani kisicho na ubluu wala ukahawia, na uzi unalinganishwa juu ya hicho kijivu tu, sio juu ya meza yangu ya bluu. Kabla ya kulinganisha natazama kijivu kwanza kidogo au natazama nje kwenye mwarobaini. Nikishona nyekundu muda mrefu napumzisha macho kwenye kijani. Hospitali nao wanafanya hivi hivi, wakati wa zamani vyumba vya upasuaji vilikuwa vyeupe tupu, daktari akiinua macho kutoka kwenye damu anaona vivuli vya kijani vinaogelea kwenye kila shuka. Mwaka 1914 Harry Sherman, daktari wa upasuaji San Francisco, akaweka chumba chake kijani, na zile nguo za kijani na bluu-kijani mnazoziona kwa madaktari leo zinasaidia hapo hapo, mabaki yale ya rangi yanapotea ndani yake.

Kitu kingine, uzi mmoja mmoja usiulinganishe. Katikati kabisa ya retina, pale unapotazama kitu kidogo, koni za bluu hazipo. Zenyewe ni chache hata jicho zima, hazifiki moja ya kumi ya koni zote. Kwa hiyo kitu chembamba sana kama nyuzi moja, jicho linashindwa kutenganisha nevi bluu na nyeusi, au krimu na njano mpauko. Zungushia uzi kwenye kidole mara nyingi upate upana wa kama sentimita mbili ndo uweke juu ya kitambaa. Hapo hapo utaona tofauti ambayo nyuzi moja ilikuficha.

Mapungufu sasa, maana yapo na mengine ni makubwa.

La kwanza nyeupe. Taa hii kwenye nguo nyeupe imenishinda. Vitambaa vingi vyeupe vya kiwandani vimetiwa dawa inayokula miale ya jua isiyoonekana na kuitoa kama bluu, ndo ule weupe unaochoma macho nje. LED ya namna hii haitoi miale ile, hivyo dawa hailipuki. Shela la polyester jeupe kabisa na lesi ya pamba isiyotiwa dawa vitapatana chini ya taa, ukitoka nje moja theluji nyingine krimu. Kwa shela na kanzu usiamini taa yoyote ya LED ya aina hii, toka barazani. Na ukitoka kaa kivulini chini ya anga wazi, sio kwenye jua la saa sita linalokupofusha, na isiwe saa kumi na mbili jioni jua likiwa jekundu.

La pili kupepesa. Mwanga ukiwa juu kabisa ni mtulivu, ila ukiupunguza taa inawaka na kuzima haraka mno, jicho halioni lakini kamera ya simu inaona, utaona mistari myeusi inapita kwenye skrini. Hili sio la urembo tu, chini ya mwanga unaopepesa gurudumu la cherehani ya umeme linaweza kuonekana linazunguka taratibu au limesimama na kumbe linakimbia, mtu akapeleka kidole. Mi naiwasha juu kabisa muda wote, nikitaka mwanga mdogo nainyanyua shingo iende mbali. Watengenezaji hapa wamebana hela wasipopaswa kubana.

La tatu inahitaji umeme, haina betri. Umeme ukikatika magharibi ukabaki na mwanga wa dirishani, acha kabisa kazi ya kulinganisha rangi, sio kwa sababu huoni, kwa sababu unaona vingine. Giza likiingia koni zinaacha kazi vinaingia vijiti, seli zingine za usiku, ziko kati ya milioni 90 na 120 kila jicho na kwa nyekundu ni kipofu. Nyekundu inakuwa nyeusi mapema wakati bluu na kijani bado vinang'aa, Purkyně, mwanasayansi wa huko Bohemia (Cheki ya leo), aliliona hili kwenye maua na kuliandika mwaka 1825. Kaeni barazani na kanga ya nyekundu na bluu kuanzia adhana ya magharibi muitazame, inapendeza sana kuona nyekundu inavyozama mbele yako. Na tochi ya simu sio mbadala, nayo ni bluu iliyopakwa njano.

La nne sio kosa la taa. Wapo watu, hasa wanaume maana hizi chembe za urithi za koni ya nyekundu na ya kijani zinakaa kwenye kromosomu X, ambao koni moja haipo au imekaa tofauti, hata umwangazie na jua lenyewe kijani na kahawia anachanganya. Kijana wangu wa kupiga pasi yuko hivyo na ni fundi mzuri mno, nyuzi zake tumeziandika majina ya rangi kwa kalamu kwenye reli, kazi inaenda. Na wazee lenzi ya jicho inapata unjano kwa umri, bluu inafifia, kwa hiyo bibi akikwambia nevi bluu ni nyeusi usibishane naye, mpe mwanga mwingi na kitambaa cheusi cha kweli pembeni alinganishe mwenyewe.

Na mkumbuke lile gauni la 2015, picha moja ya gauni la harusi ya Uskoti, dunia nzima ikagawanyika, hawa wanaona bluu na nyeusi, hawa nyeupe na dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Picha haikuonyesha wazi mwanga ulikuwa wa aina gani, kila ubongo ukakisia mwanga wake na kuutoa kwenye hesabu, waliokisia kivuli wakapata nyeupe, waliokisia taa ya njano wakapata bluu. Mteja anayekutumia picha ya kitambaa kwa WhatsApp anakutumia fumbo hilo hilo. Mi sipokei oda ya rangi kwa picha tena, mteja alete kipande, au apige picha kitambaa kikiwa pembeni ya karatasi nyeupe ili nijue mwanga wake uko upande gani.

Kwa anayeenda kununua: beba vipande vyako vitatu, chekundu kilichokolea, damu ya mzee na nevi bluu pamoja na cheusi cha kulinganishia. Mwombe muuzaji azime taa za juu au mwingie nyuma ya duka, maana taa zake zikichanganyika na unayojaribu hujajaribu kitu. Angalia nevi na nyeusi zinaachana, damu ya mzee ina uhai, kiganja kina damu. Washa kamera ya simu uangalie mistari kwenye mwanga wa juu na wa chini. Soma ubavuni CRI 95 kwenda juu, R9 iandikwe, 4000K au 5000K. Bei ya 45,000 mi nililipa bila kubishana sana, nimesikia wengine wamepata kwa 40,000 wakichukua mbili. Ipo pia ndogo ya wati 5, hiyo inatosha kulinganisha uzi ila kwa kushonea usiku ni hafifu, chukua ya 9. Na muuzaji akigoma kuiwasha kabla hujalipa, mwachie boksi lake, maduka yanayouza hizi pale Kariakoo ni mengi.